Kitambaa cha Mwavuli wa Jumbe

Mimi ni fundi cherehani, na fundi ana ugonjwa mmoja usio na dawa: hawezi kuona nguo mbovu akanyamaza. Nikikaa msibani naangalia mapindo ya madera ya wenzangu. Nikisikiliza mawaidha naona kanzu ya shehe imepinda bega. Ugonjwa huo ndio ulionifikisha nilipofika, na kama ningekuwa mpishi, huenda baba mkubwa angekuwa hai mpaka leo. Nyumbani hawapendi nikisema hivyo. Mimi nasema.

Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba yangu, alikuwa jumbe wa ukoo wetu pale Kilwa Kivinje. Mtu asisikie jumbe akafikiria jumba la mfalme. Cheo chenyewe cha ujumbe kiliondolewa na serikali zamani, kabla sijazaliwa, na yeye aliishi kwa minazi yake na kiduka cha nyavu na kamba. Ila vitu vya ujumbe vilibaki. Vilikuwa ndani ya kasha, chumbani kwa shangazi, dada yao mdogo: mitawanda, viatu vya mti ambavyo kijiti chake cha kubania kidole ni cha fedha, upanga usiochomoka tena kwenye ala, kilemba, na mwavuli. Mara moja kwa mwaka, siku ya Maulidi, baba mkubwa alivaa kilemba na mitawanda akatoka nyumbani kwenda msikitini, na mtu nyuma yake amemshikia mwavuli. Njia yenyewe haizidi nyumba kumi na mbili. Wanawake tulipiga vigelegele barazani, watu wazima wakampa mkono kwa heshima, na kesho yake jumbe alirudi dukani kuuza nyavu.

Mwavuli ule ulikuwa unanitesa. Njiti zake nane ni za mti mgumu na mpini wake umechongwa vizuri, lakini kitambaa! Hariri iliyokuwa nyekundu kabla sijazaliwa ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya rangi, na juu yake viraka, na juu ya viraka viraka vingine, kila kimoja kimeshonwa na mkono tofauti. Kimoja kilikuwa cha khanga. Nilikuwa nikiuona unapita Maulidi baada ya Maulidi, nikainamisha macho kwa aibu. Nilidhani wazee wetu walikosa uwezo wa kununua kitambaa kizima.

Siku moja nikiwa kibandani kwangu Lindi mjini, televisheni ya jirani ilikuwa inaonyesha mambo ya wafalme wa Thailand. Nilisimamisha mguu kwenye pedeli ya cherehani. Mfalme wao anapotawazwa hukabidhiwa taji, upanga, kipepeo cha kujipepea na viatu vya dhahabu, na juu yake husimama mwavuli mweupe wa tabaka tisa, mmoja juu ya mwingine, wa juu mdogo kuliko wa chini. Mtangazaji akaeleza kwamba mfalme ambaye bado hajatawazwa, wa kwake una tabaka saba tu. Nikajisemea, jamani, hawa si ni sisi? Viatu wanavyo, upanga wanao, mwavuli wanao. Walichotuzidi ni kwamba mwavuli wao hauna kiraka cha khanga.

Nilipokwenda Kivinje nilimsimulia baba mkubwa. Alipenda sana habari za mbali. Akaniuliza tabaka zile zinashikana vipi, na upepo ukivuma inakuwaje, na nani anaubeba. Kisha akauliza, "Na wa kwao ukichakaa, mwanangu, wanaufanyaje?"

"Watakuwa wanabadilisha kitambaa, baba. Wale wana mali."

"Ahaa," akasema, na akageukia kahawa yake.

Nimelirudia swali lile mara nyingi. Alikuwa anajaribu kuniambia kitu, au alikuwa anauliza tu kama anavyouliza kila kitu? Sijui. Ninachojua ni kwamba niliporudi Lindi nilinunua satini nyekundu, nzito, inayong'aa, ile ambayo ukiikunja usiku asubuhi haina hata mkunjo mmoja.

Kila mwaka wiki mbili kabla ya Maulidi, shangazi hufungua kasha, huanika vitu vile penye hewa, hupaka mti mafuta ya nazi na hufukiza udi. Kazi hiyo huifanya mwenyewe, mlango umefungwa. Mwaka ule alipata msiba Kikole kwa wakwe zake, na ilibidi aende siku tatu. Mimi nilikuwa nimeshafika kwa ajili ya Maulidi, na satini yangu iko mkobani. Akanipa ufunguo.

"Vianike kivulini, si juani. Mti upake mafuta. Penye tundu kwenye mwavuli tia kiraka."

"Shangazi, kitambaa hiki hakishiki tena kiraka. Ukitia hapa kinachanika pale."

"Wewe tia kiraka," akasema. Akafunga mtandio wake, akaondoka.

Hakusema zaidi, na hapo ndipo penye jambo lenyewe. Nyumba yetu ina miiko ambayo haitajwi, kwa sababu kuitaja ni kama kuiita. Mwenye kuijua aliiona ikitendeka, na mimi sikuwahi kuiona. Babu alipofariki nilikuwa tumboni mwa mama, huko Mchinga. Kwa hiyo nilifungua kasha, nikatandika mkeka, nikachukua wembe, nikafumua.

Siwezi kusema uongo, nilifurahi. Kitambaa cha zamani kilitoka vipande vinane, pembetatu nane, na nikavitumia kama vipimo vya kukatia satini. Siku ya kwanza nilikata. Siku ya pili nilishona kwa cherehani ya mkono ya shangazi, nikatia mashada ya nyuzi za dhahabu pembeni. Cherehani ilikuwa imekauka, nikaitia mafuta, na yalipomwagika nilifuta kwa kilichokuwa karibu yangu. Kilichokuwa karibu ni kipande kimoja cha ile hariri kuukuu. Siku ya tatu nikavalisha njiti, na baada ya Alasiri nikatoka nao.

Baba mkubwa alikuwa amekaa kwenye baraza ya nje, tasbihi mkononi. Nikamjia kwa nyuma nikaufungua juu ya kichwa chake. Ulifunguka vizuri mno. Uso wake wote ukawa mwekundu kwa kivuli cha satini. Akainua macho.

Kwa mwanamume mzee aliyekuwa akipita na ndoo ya samaki, siku ile ilikuwa kama nyingine yoyote. Alituona, akasimama, akaweka ndoo chini, akavua kofia. "Inna lillahi," akaanza, halafu akakumbuka kwamba anayemtazama ni mzima, akaziba mdomo. Akachukua ndoo yake akaondoka upesi bila kuaga. Ng'ambo ya njia mwanamke aliyekuwa anachambua mchele aliingia ndani na ungo wake. Mimi nimeshika mpini, natabasamu, nangoja sifa.

"Umeshona mwenyewe?" baba mkubwa akauliza.

"Mwenyewe, baba."

"Kazi nzuri. Ufunge, mwanangu, uurudishe ndani."

Shangazi alirudi jua likiwa bado juu. Habari zilikuwa zimempata njiani. Nilimwamkia, "Shikamoo shangazi," akaitikia marahaba, akavua viatu, akaenda moja kwa moja kwenye kasha. Aliutazama mwavuli. Hakuugusa.

"Kile kingine kiko wapi?"

Nikamletea mfuko. Akatoa vipande kimoja kimoja akivihesabu, na alipofika kwenye kile chenye doa la mafuta ya cherehani alikaa kitandani. Ndipo akaniambia, kwa sauti ndogo, akitazama mlango. Kitambaa cha mwavuli wa jumbe hakitolewi akiwa hai. Kinatiwa viraka hata kikibaki viraka vitupu. Siku anapokufa ndipo kinafumuliwa, na vipande vyake vinane vinafunika jeneza lake. Mwavuli unavikwa kipya kwa ajili ya anayefuata. Ndivyo alivyofanyiwa babu, na babu yake. Kwa hiyo watu wa Kivinje wakiona mwavuli umevaa kitambaa kipya, wanajua wanachokiona.

"Kwa nini hukuniambia?" nilipiga kelele. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa nimeogopa, na kwangu vitu hivyo viwili hutoka kwa sauti moja.

"Ningekuambiaje?" akasema. "Niseme kaka yangu atakapokufa?"

Nilijipa moyo kwamba ni mambo ya kale tu. Baba mkubwa alikuwa na presha na sukari, miaka sita sasa, lakini alikuwa anatembea, anakula, anatania. Kila mwezi alikwenda kliniki kuchukua vidonge, akavitia kwenye kopo la kakao, akameza asubuhi na jioni bila kukosa. Daktari alimsifu kwamba laiti wagonjwa wote wangekuwa kama yeye. Asubuhi iliyofuata nilimwekea chai na kopo lake. Akanywa chai.

"Baba, dawa."

"Dawa za nini tena, mwanangu?" akasema, kwa upole kabisa, kama mtu aliyeulizwa kama anataka sukari zaidi.

Nilimlaumu, nililia, nilimtajia dini. Nikamwambia, "Wewe umesomesha watu Kurani, unajua siku ya mtu kufa iko mikononi mwa Mungu, haiko kwenye satini ya Lindi."

"Kweli tupu," akajibu. "Na Mungu hashindwi njia ya kumpa mja wake habari."

Tukamwita imamu. Imamu alikuja akamkemea vikali, akamwambia kuacha dawa ni kujidhulumu nafsi na mtu ataulizwa. Baba mkubwa alikubali kila neno, akamshukuru, akamwagizia kahawa na kashata. Kidonge hakumeza. Akaanza kuwapitia jirani mmoja mmoja kuomba radhi, hata mzee wa samaki, ingawa aliyekosa ni yeye kwa kumwanzia Inna lillahi. Alirudisha jembe aliloazima mwaka juzi. Nilimwona anajipanga hivyo mbele ya macho yangu na nikajua kwamba mwavuli hauna nguvu ya kumuua, ila yeye anaweza kufa kwa ajili yake. Kazi yangu ikawa moja: kumrudisha kwenye kopo lile.

Zilikuwa zimebaki siku tano kufika Maulidi. Nikaitoa satini kwenye njiti, nikaikunja, nikaifukia chini kabisa ya kasha. Nikachukua ile hariri nirudishe kila kitu kama kilivyokuwa. Lakini hariri iliyooza haipokei sindano. Ukichoma, nyuzi zinatengana zenyewe. Ilibidi kila kipande nikilaze juu ya bitana nyepesi, nikishikize kwa mkono, mishono midogo sana iliyokaribiana, kwenda na kurudi, ili mzigo wote ubebwe na bitana. Cherehani sikuigusa. Shangazi alikaa karibu yangu akinitungia uzi kwenye sindano, ingawa macho yake hayaoni vizuri na mara nyingi nilimwona anachoma hewa. Nilishona mara mbili kila mahali, na kwenye maungio mara tatu. Nilikuwa nashona kwa ukali, nikibana kila mshono mpaka vidole vikatoka damu. Doa la mafuta nililisugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu. Likapauka kidogo, halikutoka.

Siku ya Maulidi nilimletea mwavuli wake wa zamani, na viraka vyake, na khanga yake. Aliufungua akaukagua kwa kidole, mshono kwa mshono. Yeye mwenyewe aliuza nyavu maisha yake yote, anajua kazi ya sindano.

"Mwavuli huu hauuwezi upepo," akasema.

"Basi meza dawa, baba. Kitambaa kimerudi. Hakuna kilichotoka."

Akanitazama. Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini alilivuta kopo, akatoa kidonge, akakitia mdomoni, akanywa maji. Nikamwona koo linapanda na kushuka. Nililia mbele ya watu wote bila haya. Akaenda msikitini chini ya mwavuli wake, na nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Wengine walikuwa wanatazama mwavuli zaidi ya jumbe. Niliwaona, nikawabeza moyoni.

Nilirudi Lindi. Kila siku nilipiga simu, "Baba, umemeza?" naye akaitika, "Nimemeza, mwanangu." Shangazi akasema anakwenda kliniki kila mwezi kama kawaida na anarudi na mfuko wake. Mfungo Saba, mwezi unaofuata wa Maulidi, ukapita, Mfungo Nane ukapita. Nikaanza kusahau, au nikaanza kujisifu, maana kwa fundi ni kitu kimoja. Nilimsimulia mteja mmoja kisa chote kama kichekesho.

Katika Mfungo Tisa, asubuhi, nikiwa nafungua kibanda, shangazi alipiga simu. Hakunisalimu wala hakulia. Alisema, "Njoo na wembe wako."

Alikuwa ameanguka baada ya sala ya Alfajiri, kiharusi, pale pale kwenye mswala. Nilifika Kivinje adhuhuri. Wanaume walikuwa wamejaa barazani, kaburi limeshachimbwa, maziko baada ya Alasiri. Shangazi alinipokea mlangoni, akanishika mkono mpaka chumbani kwake. Mwavuli ulikuwa juu ya mkeka, umefunguliwa.

"Nilitaka kufumua mwenyewe," akasema, "macho yangu hayauoni mshono wako. Umeubana mno. Na kitoke kama kilivyokuwa, mwanangu. Uzi wako na bitana yako visiende naye."

Nikakaa chini nikaanza. Kila mshono nilioupiga ili asife ulinibidi niukate ili azikwe. Ukitia wembe kwa nguvu hariri inapasuka. Ukienda polepole watu wanangoja. Nyuma ya pazia nilisikia maji yakimiminwa, yakinyamaza, yakimiminwa tena, na waoshaji wakinong'ona. Halafu maji yakaisha, nikasikia sanda inakatwa. Mimi nilikuwa kwenye kipande cha tatu. Adhana ya Alasiri ikatoka, sala ikasaliwa, watu wakarudi, na mimi niko kwenye cha tano. Barazani wanaume wakaanza kukohoa, kile kikohozi cha watu wenye adabu wanaotaka kuuliza kulikoni. Mtu mmoja akasema kwa sauti, maiti hacheleweshwi. Shangazi akamjibu kutoka ndani kwamba anachelewa kwa sababu anapendwa. Hilo ndilo neno pekee alilolisema juu ya jambo hili, na tangu siku ile hajanilaumu hata mara moja, ingawa ningepumua kidogo kama angenilaumu.

Kilipotoka cha nane, walivichukua wakavitandaza juu ya jeneza. Niliona kupitia dirishani lilivyotoka. Kile chenye doa la mafuta kilikuwa upande wetu, penye bega lake.

Sisi wanawake tulibaki. Shangazi akaniambia mwavuli haulali uchi, nitoe kile kipya nikivalishe kabla wanaume hawajarudi kutoka kaburini. Nikaitoa satini chini ya kasha. Haikuwa na mkunjo. Nikatafuta uzi mwekundu, nikakumbuka nilikuwa nauweka kwenye kopo chumbani kwa baba mkubwa. Makopo ya kakao yalikuwa mawili yanayofanana, nikafungua moja, na halikuwa la uzi. Lilikuwa limejaa vidonge mpaka juu. Mifuko ya kliniki ya miezi ile yote, haijafunguliwa, imepangwa vizuri. Juu yake kulikuwa na kikaratasi kimekunjwa, na ndani yake kidonge kimoja kilichoyeyuka nusu kikakauka. Kile nilichomwona akimeza.

Alikuwa amekishikilia chini ya ulimi ili nilie kwa furaha. Nilikaa na kopo lile mapajani mpaka shangazi akaja kuniita. Alilitazama, akalifunika, akalirudisha rafuni. Kama alikuwa anajua, sikumuuliza.

Nikarudi kwenye mwavuli. Anayefuata ni kaka yangu, tumbo moja, mwalimu wa shule ya msingi Rutamba, ana miaka arobaini na miwili na hajawahi kuumwa zaidi ya homa. Alirudi kutoka kaburini na udongo kwenye pindo la kanzu, akasimama mlangoni kunitazama ninavyoshona. Macho yake yalikuwa mekundu. Akashika ukingo wa satini kati ya vidole.

"Kitadumu hiki?" akauliza.

"Hakiozi," nikamwambia, na ni kweli, satini ile haiozi.

Shangazi aliinama sikioni kwangu. "Shona mshono mwepesi," akasema.

Nikaelewa. Kuna mishono sisi mafundi tunaiita bandi, mirefu, iliyolegea, tunaipiga kwenye nguo tunayojua tutaifumua. Ukivuta uzi mmoja tu inatoka yote, haimchelewishi mtu. Kaka yangu alikuwa bado amesimama pale pale, ameshika ukingo anisaidie usiteleze. Nikatunga uzi mpya, nikapiga bandi, kipande cha kwanza mpaka cha nane.